Ziwa lilipofungwa, nani alilipia?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni mwanika dagaa hapa Kibirizi, Kigoma. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, 2024, sikuipinga hatua hiyo, na hata leo siipingi. Nchi nne zinazopakana na ziwa hili, yaani Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia, zilikubaliana kulipumzisha, na sisi tunaoshinda kwenye vichanja vya kuanikia dagaa tulikuwa tumeshaona dalili: mitumbwi inakwenda mbali zaidi na kurudi na dagaa wachache, tena wadogo. Ninachouliza ni nani aliyeyalipia mapumziko hayo.

Watu wa mbali hudhani mvuvi anashika hela kila siku. Dagaa wetu huvuliwa usiku kwa taa, kwa hiyo mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi hulala ufukweni, mwezi hadi mwezi. Giza likirudi na dagaa wakiuzwa, kwanza yanatolewa mafuta na chakula, kisha mwenye chombo anachukua fungu lake, na kinachobaki ndicho vijana wanagawana. Ndiyo maana ziwa lilipofungwa hatukuumia sawa. Mwenye mitumbwi alikuwa na vyumba vya kupangisha mjini. Mfanyabiashara aliyekuwa na magunia ya dagaa wakavu stoo aliyatoa kidogokidogo, bei ikipanda yeye amekaa. Kwake ile miezi mitatu ilikuwa neema. Kijana wa kuvuta nyavu alikwenda kufyatua matofali. Mimi nilibaki na chanja tupu, nikakopa kausha damu. Wanaoijua mikopo hiyo hawahitaji maelezo. Kwa wasioijua: marejesho ni kila siku, iwe una biashara au huna. Friji yangu ilibebwa Julai mchana kweupe, majirani wanatazama, na deni halikuisha.

Tunaambiwa umaskini umepungua, na sikatai. Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa 2017/18 ulikuta asilimia 26.4 ya watu wa Tanzania Bara wako chini ya mstari wa mahitaji ya msingi, kutoka asilimia 28.2 mwaka 2011/12. Utafiti huohuo ulionyesha kuwa pengo kati ya walionacho na wasionacho limepanuka, jambo ambalo halitajwi sana majukwaani. Mstari wenyewe ulikuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Ukinipima mwezi ambao dagaa wamekubali, mimi niko juu ya mstari. Ukinipima Julai 2024, ungenitafuta chini kabisa.

TASAF, mfuko wa serikali wa maendeleo ya jamii, imewashika mkono wengi na sina neno nayo. Ila mpango wake wa kunusuru kaya maskini umeundwa kwa umaskini wa siku zote: majina yanatajwa kwenye mkutano wa hadhara, dodoso linajazwa, nyumba na mali vinaangaliwa. Mwenye bati na kitanda anaonekana ana nafuu, na kweli anayo, mpaka ziwa lifungwe. Aliyeajiriwa rasmi naye ana pa kushika. Sheria za hifadhi ya jamii za 2018 zilimwekea fao la kukosa ajira, theluthi ya mshahara kwa miezi sita. Mei Mosi 2025 kima cha chini cha watumishi wa umma kikatangazwa kupanda kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000. Siwaonei wivu; mwalimu akipata, dagaa wangu wanatoka. Sisi wa katikati, tusio maskini wa kutosha wala waajiriwa, ndio hatuna daftari la kuandikwa.

Tukisema hivi tunajibiwa tuunde kikundi tuchukue mkopo wa halmashauri, ule unaotoka kwenye asilimia kumi ya mapato yake ya ndani. Mkopo! Mtu amezuiwa kufanya kazi kwa amri, unamkopesha alipe kwa kipi?

Wenzetu wameshalifikiria. Brazili, tangu 1991, mvuvi mdogo hulipwa kima cha chini cha mshahara kila mwezi wakati uvuvi umepigwa marufuku ili samaki wazaliane. Bangladesh hugawa mchele kwa kaya za wavuvi. Najua kasoro zake: huko Brazili walijiandikisha hata watu wasiojua kutupa nyavu, na hapa itakuwa vilevile tukizembea. Lakini kila mwalo, pale vyombo vinapotia nanga, una BMU yake, kikundi cha kusimamia rasilimali za uvuvi, na watu wake wanamjua kila anayepanda chombo, hadi jina lake la utani. Serikali ianze na hao.

Isiishie hapo, kwa sababu daftari la wavuvi peke yake litatuacha kina mama. Hatupandi mtumbwi wala hatumiliki nyavu, ila chombo kisipotoka usiku, asubuhi hatuna cha kuanika.

Halafu kuna suala la tarehe. Mwaka wa fedha wa serikali huanza Julai 1, na ziwa lilifungwa Mei 15. Fungu la kuwashika mkono watu wa mwaloni inabidi liwemo kwenye bajeti inayoanza Julai ya mwaka unaotangulia, si lianze kutafutwa taa zikiwa zimeshazimwa. Wabunge wetu wa Kigoma walisemee Dodoma mapema. Na wakija mwaloni kuhesabu watu, wapite na upande wa vichanja.

Mwanika dagaa,
Kibirizi, Kigoma