Risala ya Wanafunzi wa Kompyuta kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Maonyesho ya Utafiti, Nairobi

Mheshimiwa mgeni rasmi, wahadhiri wetu, wazazi, na akina mama wa soko la Kangemi mliofunga vibanda asubuhi hii kwa ajili yetu, hamjambo?

Karibu sana chuoni, mheshimiwa. Tunakushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu.

Jambo letu leo ni moja: anayebuni teknolojia akae kwanza na watakaoitumia. Nairobi inalijua hilo. Majaribio ya M-Pesa yalipoanza mwaka 2005, nia ilikuwa watu walipie mikopo midogo kwa simu. Wao wakaanza kutumiana pesa, na wabunifu wakawafuata huko. Huduma ikazinduliwa Machi 2007. Baadaye wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na watafiti wa MIT na Columbia, vyuo vikuu vya Marekani, walipanda matatu wakirekodi njia na stegi kwa simu zao. Ramani yao ilitoka mwaka 2014.

Sisi tumekaa Kangemi, kwenye kibanda cha mboga. Deni huandikwa daftarini, lakini majina yenyewe ni "Mama Brayo", "mlango wa bluu", "fundi wa viatu". Programu inayodai jina kamili na nambari ya kitambulisho haina nafasi hapo. Isitoshe, jioni wateja wakijaa, mikono ya mama imelowa maji ya sukuma wiki na skrini haishiki. Kwa hiyo programu ya madeni tunayounda inasikiliza sauti: anasema "mlango wa bluu, hamsini" huku kisu kikiendelea. Kelele za barabarani bado zinaisumbua, na tunalishughulikia hilo.

Kinachotukwamisha ni bajeti. Kompyuta hupitishwa upesi; nauli, na malipo ya muda wa mama anayetufundisha kazi yake, huonekana kama anasa. Inatuuma, maana bila yeye hakuna utafiti.

Tunakuomba, mheshimiwa, utusaidie kupata fungu la kazi ya mitaani. Pia tunaomba chuo kiweke sharti kwamba matokeo ya kila utafiti yarudishwe kwa waliohojiwa, kwa Kiswahili, kabla ya kupelekwa kwenye makongamano.

Akina mama wenyewe watakuonyesha programu inavyofanya kazi na inapokwama. Meza yao ni ya kwanza ukiingia ukumbini. Karibu uwaulize chochote.

Ni sisi wanafunzi wako,
Idara ya Kompyuta.