Kwa mdogo wangu niliyekuacha ng'ambo

Mdogo wangu,

Kadi ya harusi ya mwanao nimerushiwa na Shangazi kwa WhatsApp. Nimeisoma mara tatu nikitafuta jina langu, sikuliona. Haya, hongera. Mtoto niliyemwogesha kwenye karai pale uani leo anaolewa, na mimi habari naipata kama jirani.

Ningekupigia, lakini simu zangu hupokei. Basi nakuandikia hapa, na wapita njia wasome.

Najua siku ile ya Jumièges unaikumbuka kwa jambo moja tu, pantoni. Lakini kabla ya pantoni tulikuwa wazima. Nilikutoa Rouen, mji wa Ufaransa ninakoishi, kilomita kama 25, nikuonyeshe kitu cha huku ninachokipenda. Kijiji chenyewe watu hawafiki elfu mbili. Kuna bustani za matofaa, vijumba, halafu ghafla minara miwili myeupe, mita 46 kwenda juu, na nyuma yake kanisa la watawa lisilo na paa, nyasi zimeota ndani. Ukatazama juu, ukaona mawingu, ukasema, "Hawa nao wanatoza kiingilio kuonyesha gofu?" Nilicheka. Unajua nilicheka.

Nikajifanya mtembeza watalii. Watawa wameanzia hapa mwaka 654, wakiongozwa na Philibert, kwenye ardhi waliyopewa na mfalme Clovis wa Pili na mkewe Bathilde. Niliposema Bathilde alikuwa mtumwa, mtu wa kununuliwa, aliyetoka Uingereza akaishia kuwa malkia, ulipandisha nyusi. Sisi watu wa Pangani biashara hiyo hatuhitaji kuelezwa. Waviking waliopachoma mwaka 841 niliwapitia juu juu, na William, mtawala wa Normandie, aliyehudhuria kuwekwa wakfu kwa kanisa mwaka 1067, Uingereza akiwa ameiteka mwaka mmoja tu nyuma. Nilikuwa nakimbilia panaponiuma. Baada ya Mapinduzi ya Ufaransa watawa waliondolewa, majengo yakauzwa, na mwanzoni mwa karne ya 19 yakaangukia kwa mfanyabiashara wa mbao. Huyo akalipua kwa baruti apate mawe ya kuuza. Waviking walichoma, pakajengwa upya. Huyu mwenye hati ya kununulia ndiye aliyepamaliza. Mawe mengine yalivuka bahari, na hadi leo yamo kwenye kasri la Highcliffe, Uingereza. Nikasema, na neno hili nalikumbuka vizuri, "Mtu wa namna hii kwao hakuna mkubwa."

Ukanyamaza. Ukatia mkono mfukoni ukatoa kitu kilichofungwa kwenye kipande cha kanga ya Bibi. Tumbuu. Ya mlango wa mbele.

"Dada, mlango niliuuza. Na boriti za chumba cha juu. Nilitaka nikwambie ana kwa ana."

Mlango wa Bibi! Ule ambao tulikuwa tukipitisha vidole kwenye nakshi zake tukingoja adhana ya magharibi!

Sikujibu. Nilitoka nikashuka hadi mtoni, pantoni ya kwenda Heurteauville ilikuwa inapakia magari, nikaingia. Hailipiwi. Ilipoondoka nikakuona umesimama ukingoni, koti langu la baridi likikupwaya, Kifaransa hujui, simu yako haina laini ya huku. Ulipunga mkono mara moja, kama tulivyokuwa tukiwapungia abiria wa pantoni ya Bweni kule Pangani. Sikupunga. Tumbuu ilikuwa ngumini mwangu.

Nilirudi. Na ilikuwa dakika arobaini, si saa tatu kama ulivyomwambia Shangazi.

Kuna kitu sikukuonyesha mle, sanamu za vijana wawili waliolala juu ya kaburi lao. Husimuliwa kuwa ni wana wa Bathilde, waliasi, wakachomwa mishipa ya miguu, wakatiwa kwenye mashua isiyo na kasia, na mto Seine ukawabeba hadi kwa watawa wa Jumièges. Si kweli, Clovis alikufa angali kijana, wanawe watoto wadogo. Lakini kila nikipita pale nawafikiria. Siku ile kwenye chombo nilikuwa mimi, na aliyeachwa ukawa wewe.

Nikuambie kama mkubwa wako: nyumba ya mawe na chokaa haiuawi na umri. Huuawa na paa lililopuuzwa. Ungeziba mapema, maji yasingefika kwenye boriti. Utasema uliniambia. Ndiyo, uliniambia. Mwaka ule nilikuwa na ada za watoto na kodi ya nyumba, nikatuma nilichokuwa nacho. Na wewe hukusema boriti zinaoza, ulisema "zimechoka". Mtu aliye Rouen atajuaje kuchoka kwa boriti? Ungesema zinaoza ningekopa. Nadhani ningekopa.

Ulikula nini siku ile? Nilipokukuta ulikuwa na mkate mkononi, na hukuwa na senti ya huku. Sijawahi kukuuliza nani alikupa.

Harusi nitakuja, ukiniita au usiponiita, Shangazi ameshasema nitalala kwake. Ila niambie mlango uko kwa nani. Sitaki ugomvi na mtu, na sina pesa ya kuukomboa. Nataka kuuona tu ulipofungwa, maana tumbuu yake ninayo mimi.