Bunduki ya polisi haipimwi kwa umbali

Mhariri,

Kila jeshi la polisi linapoonyesha bunduki mpya za wadunguaji, magazeti huuliza jambo moja: inafika wapi? Hilo ni swali la vitani. Mdunguaji wa polisi mara nyingi hupiga akiwa chini ya mita 100, na anayemlenga huenda amemshika mateka mbele yake. Anachohitaji ni risasi ya kwanza, itokayo kwenye mtutu baridi, yaani ambao haujapigwa risasi kabla, itue palepale ilipolengwa. Ya pili ya kusahihisha hana.

Chukueni SIG Sauer SSG 3000, bunduki ya bolti (chuma kinachofunga nyuma ya mtutu, kinachovutwa kwa mkono kila baada ya risasi) iliyoundwa Ujerumani kwa ajili ya polisi hasa. Hutumia risasi za milimita 7.62 kwa 51, na magazini yake hubeba tano. Bolti ina meno sita yanayojifunga ndani ya mtutu wenyewe, hivyo kishindo cha baruti hubebwa na bolti na mtutu, si mwili wa bunduki. Mkono wa bolti huzungushwa nyuzi 60 tu, na vidole havigongi darubini. Nasaba yake ni bunduki za mashindano ya shabaha.

Wajerumani walijifunza kwa damu. Usiku wa 5 Septemba 1972, katika uwanja wa ndege wa Fürstenfeldbruck karibu na Munich, polisi waliweka walengaji watano dhidi ya watu wanane walioiteka timu ya Israeli kwenye Michezo ya Olimpiki. Walengaji hao walipewa G3, bunduki za kawaida za jeshi, zisizo na darubini wala vifaa vya kuonea gizani, na hawakuwa na redio za kuwasiliana wao kwa wao. Mateka wote tisa waliokuwa pale waliuawa. Uamuzi wa kuunda GSG 9, kikosi maalumu cha polisi cha kupambana na magaidi, ulitolewa mwezi huohuo.

Lakini hata bunduki bora huharibiwa stoo. Skrubu za kushikia darubini hulegea kwa mtikisiko wa gari, na shabaha huhama bila mtu kujua. Zikazwe kwa spana yenye kipimo cha nguvu, kisha zitiwe alama ya rangi. Mafuta yaliyoachwa ndani ya mtutu hupotosha risasi ya kwanza, ile ile inayotegemewa. Ufito wa kusafishia ukiingizwa kwa mdomo wa mtutu hukwaruza ukingo wake, na ukingo ukichubuka risasi hutoka ikiyumba. Kitako nacho, pale kinapopita chini ya mtutu, kisiuguse: kipande cha karatasi kipite kati yao bila kukwama. Na toleo la risasi likibadilika, darubini irekebishwe upya, hata kama boksi linafanana.

Kuna pia kosa la ukaribu. Darubini iliyo sentimita tano juu ya mtutu, ikirekebishwa kwa mita 100, kwa mita 10 risasi hupiga chini ya alama kwa karibu sentimita nne. Kwa mateka, hizo ni nyingi mno.

Haya yote huandikwa kwenye daftari la bunduki: tarehe, joto la hewa, toleo la risasi, ilipotua risasi ya mtutu baridi. Bunduki moja, mtu mmoja, daftari moja. Siku nyingine mkialikwa kwenye maonyesho ya silaha, waandishi wenu waombe kuona daftari hilo, na waulize ni risasi ngapi zimetengwa kwa mazoezi ya kila mdunguaji kwa mwezi.

Msomaji wenu