Roli likichelewa, hasara isimwangukie mkulima peke yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linaloniuma kila msimu wa mavuno. Mimi ni mtunza ghala wa kikundi cha wakulima wa mahindi. Kazi yangu ni kupokea magunia, kupima unyevu, kuyapanga, na kuyatoa roli linapofika. Kwa hiyo ninaposikia wakulima wakilaumiwa kwamba wanapeleka sokoni mahindi mabichi au yenye ukungu, naona nusu ya habari imeachwa. Mahindi mengi yanayokataliwa kwenye mizani yalitoka shambani yakiwa mazuri. Yameharibika yakisubiri usafiri.

Mnunuzi hupiga simu: "Pukuchueni, fungeni, roli linakuja Alhamisi." Watu wanapukuchua usiku na mchana, magunia yanapangwa kando ya barabara juu ya udongo mtupu, yanafunikwa turubai. Alhamisi inapita, na Jumapili nayo inapita. Turubai hilo hilo linalozuia mvua linazuia pia mvuke usitoke. Mchana joto linapanda chini yake, usiku ule mvuke unageuka maji na kuyalowesha magunia ya juu, huku ya chini yakinyonya unyevu wa ardhi. Mahindi yaliyofungwa yakiwa makavu, yenye unyevu wa asilimia 13, hayabaki hivyo. Na ukungu ukishaingia, kuna hatari ya sumukuvu, ambayo haionekani kwa macho wala haiishi kwa kuchemsha. Mwaka 2004 sumu hiyo iliwapata watu 317 mashariki mwa Kenya na kuua 125 kati yao, na chanzo kilikuwa mahindi yaliyohifadhiwa yakiwa na unyevu. Ndiyo maana siwezi kukubali kuchelewa kwa roli kuitwe usumbufu mdogo wa biashara.

Kwa nini maroli yanachelewa? Jibu la haraka ni kwamba ni machache na barabara ni mbovu. Ni kweli, lakini madereva wananieleza pia kuhusu foleni ya kushusha. Roli lenye uwezo wa kumaliza safari kwa siku moja, likilala siku 2 kwenye geti la ghala la mnunuzi likisubiri kupimwa na kushushwa, linatumia siku 3 kwa safari moja. Maroli 9 yanafanya kazi ya maroli 3. Hata yakiongezwa, foleni nayo itaongezeka. Mnunuzi anayeweka mizani moja na wapakuzi wachache wakati wa mavuno ndiye anayetengeneza uhaba wa maroli, kisha anaulalamikia uhaba huo huo.

Upande wetu nao una la kufanya. Roli la tani 30 linataka magunia zaidi ya 300 ya kilo 90. Likizunguka shamba kwa shamba kuokota 20 hapa na 30 pale, siku nzima inaishia kwenye kupakia, na dereva mwenye akili anachagua mteja mwingine. Kikundi chenye sehemu moja ya kukusanyia, yenye paa, sakafu kavu na chaga za kuinulia magunia, kinapata roli mapema kuliko mkulima mwenye mzigo mkubwa aliye peke yake. Nimeliona hili mara nyingi.

Lakini ushauri wangu mkubwa kwa wakulima wenzangu ni huu: amueni mahali pa kuhifadhi kabla ya kuvuna, mkichukulia kwamba roli litachelewa. Msianze kutafuta turubai baada ya kupukuchua. Kama usafiri haujathibitishwa, ni afadhali mahindi yabaki kwenye magunzi ndani ya kichanja chembamba kinachopitisha upepo, kwa sababu humo yanaendelea kukauka. Tahadhari moja tu: palipo na dumuzi, usiyaache humo muda mrefu. Mdudu huyo hustawi zaidi kwenye magunzi kuliko kwenye punje zilizopukuchuliwa, maana punje iliyoshikwa na gunzi inampa pa kujiegemeza anapotoboa.

Mifuko isiyopitisha hewa naipenda na ninaitumia. Wadudu waliofungiwa humo wanamaliza hewa ya oksijeni, wanaacha kula, wanakufa, bila dawa yoyote. Hata hivyo mfuko haukaushi nafaka. Ukifunga mahindi yenye unyevu wa asilimia 16 umefungia ukungu ndani. Wengi wanapima kwa kutikisa punje na chumvi kavu ndani ya chupa ya kioo: chumvi ikiganda kwenye kioo, mahindi hayajakauka. Kipimo hicho ni kizuri lakini kinakuonyesha tu kama umeshuka chini ya asilimia 15 hivi. Kwa mfuko wa kufunga kabisa tunahitaji 13, kwa hiyo rudisheni kwenye jua hata baada ya chumvi kuonekana kavu, au azimeni kipima unyevu. Na mifuko hii msiipandishe kwenye roli. Wapakiaji wanaiburuta na kuitoboa, na tundu dogo tu linarudisha hewa. Siku ya kupakia, hamishieni mahindi kwenye magunia ya kawaida, mifuko ibaki nyumbani kwa msimu ujao.

Kuna dawa nisiyoweza kuinyamazia. Roli likichelewa na fukusi wakianza kuonekana, watu wananunua vidonge vya kufukizia na kuvitumbukiza kwenye magunia yaliyo chumbani wanakolala watoto. Gesi ya vidonge hivyo inaua binadamu. Ni kazi ya mtu aliyefundishwa, katika ghala ambalo hakuna anayelala. Tafadhali, tafadhali msifanye hivyo.

Sasa niseme kuhusu bei, kwa sababu hapo ndipo uaminifu wetu unapojaribiwa. Gunia la kilo 90 lenye unyevu wa asilimia 18, likikaushwa hadi 13, linabaki na kilo 85 hivi. Mnunuzi anayelipa kilo ya mahindi makavu sawa na kilo ya mahindi mabichi anamwambia mkulima waziwazi kwamba kukausha ni kujikata mwenyewe kilo 5. Mkulima aliyekausha, akasubiri roli, akanyeshewa, amepata hasara mara mbili: uzito ulipotea juani, na ubora ukapotea kando ya barabara. Halafu kwenye mizani anakatwa tena kwa sababu ya unyevu.

Kwa hiyo ninachoomba kwa wanunuzi si msaada. Naomba makubaliano yawe na tarehe ya kuchukua mzigo, na unyevu upimwe na kuandikwa siku hiyo, hapa ghalani, mbele ya pande zote mbili. Kuanzia tarehe hiyo, roli lisipofika, gharama ya kuhifadhi na ya ubora unaoshuka iwe ya aliyeahidi roli. Tulipomweleza mnunuzi mmoja jambo hili alisema haiwezekani. Mwingine alikubali tuandike tarehe tu, bila fidia, na hata hiyo ilisaidia: alituma ujumbe siku mbili kabla kwamba atachelewa, nasi tukaacha kupukuchua.

Ndugu Mhariri, waandishi wako wanafika kwenye ofisi ambazo sisi hatuwezi kufika. Kabla mavuno hayajaanza, wawaulize wanunuzi wakubwa mambo mawili: roli linakaa geti lao muda gani kabla ya kushushwa, na mkataba wao unasema nini mzigo usipochukuliwa siku waliyoahidi. Majibu yao yachapisheni, tuyabandike kwenye mlango wa ghala.

Mtunza ghala wa kikundi cha wakulima