Waajiri wa Tanga, wapimeni vijana wa kompyuta mezani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo niseme na waajiri wenzangu wa Tanga, hasa wenye ofisi za uwakala wa forodha, zahanati, shule na maduka ya jumla.

Wiki iliyopita nilisimama Chumbageni mbele ya tangazo la kazi lililobandikwa ukutani. Anatakiwa msaidizi wa TEHAMA, ngazi ya kuanzia. Sifa zake: shahada ya kompyuta, uzoefu usiopungua miaka 3, vyeti vya kimataifa, umri usiozidi miaka 25. Mshahara haukutajwa. Pembeni yangu kijana mmoja alilisoma mpaka chini, akairudisha kwapani bahasha yake ya vyeti, akaenda zake bila kuandika hata namba ya simu.

Ngazi ya kuanzia ni ya anayeanza. Hiyo miaka 3 ataipata wapi, ikiwa kila mlango anaobisha anaulizwa alikotoka? Kuhusu umri, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza ubaguzi wa aina hiyo. Na hivyo vyeti vya kimataifa, kile cha ufundi wa kompyuta kiitwacho A+, cha CompTIA, ambacho wengi hukianzia, kina mitihani miwili, na kila mmoja unalipiwa kwa dola za Marekani. Mtoto wa mvuvi wa Deep Sea hawezi kuzitoa kabla hajaonja mshahara wa kwanza. Mwajiri anayekihitaji cheti hicho amwajiri kijana, kisha amlipie.

Nasema haya kwa sababu na mimi nilipita njia hiyo. Mwaka wa 11 huu natunza kompyuta za ofisi za watu hapa mjini. Mwaka wa pili nilimwajiri kijana mwenye vyeti vya kuvutia, nikampa kazi kwa kusoma karatasi tu. Nikamtuma kwa mteja, mama mmoja mhasibu, ambaye kompyuta yake ilikuwa ikijizima kila mara. Kijana akaifomati bila kuuliza ndani mna nini. Hesabu za miezi 8 zikapotea. Mama wa watu alipoanza kulia, akajibiwa kwamba kosa ni lake, kwa nini hakuweka nakala. Mteja yule sikumpata tena, na ile sauti yake kwenye simu naikumbuka mpaka leo.

Anayepiga simu kuomba msaada hakwambii kilichoharibika. Atasema "mtandao umekata", na hapo inaweza kuwa waya umechomoka, bando limekwisha, nywila imepitwa na wakati, au umeme umekatika chumba cha pili penye ruta, kifaa kinachogawa intaneti. Wa kwanza kupimwa ni uwezo wa kijana kumsikiliza huyo mtu bila kumtia aibu, ndipo uje ujuzi wa mashine. Mashine zinafundishika. Adabu na subira ni lazima aje nazo.

Kwa hiyo siku hizi nasaili mezani. Naweka kompyuta na printa inayochapa kwa mtandao, zote kwenye swichi moja, kile kisanduku cha kuunganishia waya za mtandao, kisha kabla ya kuziwasha nachomoa waya unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye ruta. Namwomba jirani yangu muuza vitenge akae kama mwenye ofisi, aseme tu: "Mwanangu, hii haichapi, na watu wananingoja." Dakika 20, nami nakaa pembeni kimya.

Mwenye shahada mmoja aliketi moja kwa moja, akafungua kurasa za mipangilio, akafuta printa na kuiweka upya mara tatu. Jirani yangu hakuambiwa hata neno moja mpaka muda ukaisha.

Baada yake aliingia binti wa kidato cha nne, aliyekuwa akichapa barua kwenye steshenari huko Makorora. Alitoa shikamoo, akauliza: "Mara ya mwisho ilichapa lini, mama? Kuna aliyegusa kitu baada ya hapo?" Ndipo akatazama anwani ya mtandao, namba inayoitambulisha kompyuta. Ilianza na 169.254. Kompyuta hujipa namba hiyo yenyewe pale inapoomba anwani kwa ruta na kukosa wa kuijibu. Binti hakujua jina la kitaalamu la jambo hilo. Alijua tu kwamba kule steshenari namba ile ikitokea, shida iko nje ya mashine, njiani. Akaufuata waya kwa mkono mpaka kwenye swichi, akaona tundu tupu, akaurudisha uliochomoka, akaiwasha kompyuta upya. Kisha akamgeukia jirani yangu: "Mashine yako nzima, mama. Njia ya kwenda kwenye ruta ndiyo ilikuwa imekatika." Alipomaliza akaomba kalamu, akaandika alichokikuta na alichokifanya. Sikumwagiza.

Huyu yuko nami mwaka wa nne. Wateja wanamwomba kwa jina lake.

Vijana wa aina yake wamejaa Tanga. Wako kwenye steshenari wanakojaza watu fomu za mikopo ya vyuo, wako kwa mafundi simu wa Ngamiani, wako chuo cha ufundi cha VETA. Wengine mnaletewa ofisini kwa mafunzo ya vitendo, halafu mnawatuma chai na vocha wiki nane nzima. Mpeni kijana huyo swichi aifungue, mkalisheni na karani anayelalamika, mtajua mapema kama anafaa.

Na huku kumfanyisha mtu kazi mwaka mzima bila malipo na kuita kujitolea, kukome. Nauli ya daladala na chakula cha mchana anavitoa wapi? Wageni huwa tunawaimbia waja leo waondoka leo, lakini sasa wanaopanda basi la Dar es Salaam asubuhi ni watoto wetu wenyewe, na hawarudi.

Kazi ipo. Tangu gati la mita 450 lianze kutumika, meli zinafunga hapa hapa badala ya kupakuliwa nangani kwa matishari, na ofisi za forodha hazilali. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10, mfumo wa kuendeshea kompyuta, na kompyuta nyingi za zamani ninazozikuta maofisini hazikidhi masharti ya Windows 11. Nani atazikagua moja moja, ahamishe mafaili ya watu salama?

Mwenye tangazo la Chumbageni, kama unasoma hapa, ufute ule mstari wa miaka 3, andika mshahara, uweke meza. Na yule kijana wa bahasha, kama barua hii itamfikia, namwomba apite Barabara ya 12 asubuhi ya Jumanne yoyote. Nafasi moja ninayo, na waya nitakuwa nimeshauchomoa.

Mama fundi kompyuta,
Ngamiani, Tanga