Barua kwa Mwanangu Anayeandika Hadithi ya Wavamizi wa Dunia

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa mama yako. Sisi hatujambo, na tunatumaini kwamba masomo yako huko Dodoma yanakwenda vyema. Muswada wa hadithi yako umefika salama, nami nimeusoma wote, kisha nikaurudia nikiwa na kalamu mkononi. Umeniomba nikueleze bila kukuonea haya iwapo unachekesha. Unachekesha mahali pachache, na hapo ni pale tu ambapo wavamizi wako hawajui kwamba wanachekesha.

Kwingine kote, viumbe wako wa anga za mbali wanajikwaa, wanapiga chafya za kijani na kuangukiana kwenye ngazi za chombo chao. Msomaji atatabasamu katika ukurasa wa kwanza, lakini akifika wa kumi atakuwa amechoka, kwa sababu adui anayejiangusha mwenyewe hamtishi mtu, na pasipo tishio hakuna anayehangaika kujua kitakachofuata. Umewaona watani zetu Wazaramo msibani: mtani huingia kaburini, hulala chali, na hugoma kutoka mpaka alipwe chake. Waliofiwa hucheka huku machozi yakiwatoka, lakini yeye hacheki hata kidogo. Anadai fedha kwa uso mkavu, tena anahoji kwa nini marehemu hakumwachia urithi. Wavamizi wako nao wawe na uso huo. Waamini kwa dhati kwamba wana haki ya kuichukua dunia, wawe na nyaraka, mihuri na hoja, nasi tucheke kwa sababu hoja zao zinakaribia kuwa za kweli.

Jambo linalonisumbua zaidi ni sababu ya ujio wao. Umeandika kwamba wanakuja kuiba maji ya Ziwa Victoria. Ziwa letu ni pana kweli, lina kilomita za mraba zipatazo 68,800, lakini kina chake hakizidi sana mita 80, na kwa wasafiri wa aina hiyo ni dimbwi tu. Nyota iliyo jirani zaidi na Jua, Proxima Centauri, iko umbali wa miaka ya nuru 4.2, nacho chombo cha Voyager 1, kilichorushwa na Wamarekani mwaka 1977, kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kwa mwendo wake wa sasa kuumaliza umbali kama huo. Sasa kiumbe aliyevuka njia hiyo yote atapita karibu na sayari ya Mshtarii, ambako mwezi wake mmoja, Europa, unakadiriwa na wanasayansi kuwa na maji mengi chini ya barafu yake kuliko bahari zote za dunia. Akayaache maji hayo yasiyo na mwenyewe, aje kugombana na akina mama wa Igombe wanaofua nguo? Hapana, mwanangu. Wape haja ya kitu ambacho hakipatikani kwingine, na kitu hicho lazima kiwe na uhai.

Mimi ningewapa mabondo. Wewe umekulia hapa, hujasahau jinsi kile kibofu cha hewa cha sangara, ambacho kazi yake ni kumsaidia samaki kuelea, kinavyokaushwa na kusafirishwa hadi Asia kwa bei inayoiacha mbali bei ya minofu. Tuseme vyombo vya wavamizi huelea angani kwa mabondo, na mabondo ya kwao yamekwisha. Hapo tishio linakuwa la kweli, kwa maana wanamtaka kila sangara aliyemo ziwani, na baada yake watageukia chochote chenye pumzi ndani yake. Hapo pia kichekesho kinajileta chenyewe: wakati majeshi ya mataifa makubwa yanakesha yakitafakari, madalali wa Mwaloni, soko letu la samaki, wameshapandisha bei mara mbili na wanamwambia kamanda wa wavamizi kwamba mzigo umeadimika, arudi kesho.

Kuhusu kamanda huyo, nakuomba umpunguze kimo. Kwa miaka yote niliyokuwa afisa uvuvi, sheria ilikuwa kwamba sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Kamanda mwenye sentimita 48 na magamba ya fedha anaanguka ziwani, ananaswa katika nyavu, anafikishwa mwaloni akitangaza kwa sauti kuu mwisho wa binadamu. Afisa hamsikilizi. Anamlaza juu ya ubao wa kupimia, anamnyoosha mkia, anasoma namba, anatikisa kichwa na kuamuru arudishwe majini akakue. Usiongeze neno lolote la utani katika tukio hilo. Liandike kama taarifa ya kazi.

Zipo pia taa za dagaa. Wavamizi wako wanaichunguza dunia usiku kutoka juu, lakini hujawaonyesha wanachokiona. Katika usiku wa giza, mitumbwi ya dagaa huwasha taa, zamani karabai na siku hizi nyingi za betri na sola, na anayetazama kutoka kilima cha Bugando huweza kudhani kuna mji mwingine umejengwa juu ya maji. Mbalamwezi ikiwa kali wavuvi hubaki nyumbani, maana dagaa hawakusanyiki kwenye taa. Mpelelezi wa angani ataandika kwamba wenyeji wana kundi kubwa la manowari ambalo hutoweka kila mwezi unapokuwa mpevu, hivyo bila shaka wanauogopa mwezi. Wakipanga shambulio lao kwa kufuata kosa hilo, utakuwa na sura nzima ambayo hakuna mwandishi wa nchi nyingine angeweza kuiandika. (Speke, yule mpelelezi Mwingereza, naye alifika upande wetu huu tarehe 3 Agosti 1858, akatazama maji kutoka juu, akaridhika kwamba ameipata asili ya Nile, na akalipa ziwa jina la malkia wake. Mpelelezi wako angejifunza mengi kwake.)

Mwisho wa hadithi nakushauri uufute. Wavamizi kufa kwa malaria ni njia iliyokwisha kupitwa: mwandishi Mwingereza H. G. Wells aliwaua watu wake wa Mirihi kwa vijidudu mwaka 1898, na wasomaji wako wanalijua hilo. Ziwa hili limevamiwa kweli, na wala halikuokolewa namna hiyo. Sangara aliletwa na binadamu katika miaka ya 1950. Ilipofika miaka ya 1980 alikuwa ametapakaa kote, na aina nyingi za furu tuliowala utotoni zikatoweka, huku viwanda vya minofu vikifunguliwa na watu wakijenga nyumba za bati. Mvamizi hakushindwa, alipata wateja. Kisha likaja gugu maji lenye asili ya Amerika Kusini, likafunga ghuba na kuzuia mitumbwi, na miongoni mwa vilivyolipunguza katika miaka ya 1990 ni mbawakavu wadogo, ambao nao asili yao ni hukohuko lilikotoka, walioletwa makusudi waje walile.

Fanya hivyohivyo. Kijiji kikutane, kiamue kuwaita viumbe wengine wa anga wanaojulikana kwa kuwala hawa wa kwanza. Wafike, wafanye kazi yao vizuri sana, na katika kikao cha kufunga mradi mzee mmoja anyooshe mkono aulize, kwa adabu zote, hawa wageni wetu kuanzia kesho watakula nini. Mwenyekiti ajibu kwamba swali hilo halimo kwenye ajenda.

Mama yako amenisikia nikisoma haya kwa sauti, naye ana agizo lake: kama kweli wavamizi watanunua mabondo, wasiuziwe kwa kukadiria kwa macho. Wapimiwe kwa kilo, kwenye mizani iliyokaguliwa, na walipe kabla chombo hakijaondoka.

Ni mimi baba yako,
Kirumba