Barua ya Wazi kwa Waziri wa Afya wa Kaunti ya Lamu: Mgongo wa Mtoto Haunyooshwi Siku Moja

Mheshimiwa Waziri,

Assalaam aleikum. Mtoto wa miaka 6 aliyepinda uti wa mgongo akipelekwa Nairobi kupasuliwa, watu huchanga, na akirudi na kovu lake mtaa mzima hushukuru kuwa yamekwisha. Ndiyo kwanza yanaanza.

Mtu mzima hunyooshwa mgongo, pingili zikaunganishwa zikawa mfupa mmoja, basi. Mtoto mdogo hafanyiwi hivyo, kwa sababu pingili iliyounganishwa hairefuki tena. Kila moja hupoteza takriban milimita 0.7 kwa mwaka. Unganisha 12 kwa aliyebakisha miaka 8 ya kukua, umemnyima karibu sentimita 7. Ufupi si kitu. Kubwa ni kifua: mapafu ya umri huo bado yanaongeza vifuko vya hewa, na kifua kilichokwama hakiyapi nafasi.

Ndipo hutiwa fito mbili za chuma zenye kiungio. Hushikizwa kwa skrubu au kulabu kwenye pingili mbili tatu za juu na mbili tatu za chini, za katikati zikaachwa zikue. Kila miezi 6 mtoto hurudi, akapigwa nusukaputi, akapasuliwa kidogo penye kiungio, fito zikavutwa kama sentimita 1, kikakazwa. Kutoka miaka 6 hadi 11 ni safari kama 10. (Zipo fito za sumaku, hurefushwa kutoka nje bila kisu, bei yake tuiache.)

Akikosa miadi, mwili unakua na chuma hakikui. Tena mgongo wenye fito huanza kujigandisha wenyewe, kila mvuto ukatoa urefu mdogo kuliko uliopita, kwa hiyo miezi iliyopotea hailipiki. Fito huvunjika, skrubu hung'oka, na kila kupasuliwa ni mlango wa vijidudu. Mtoto akija zahanati na kovu linalotoa maji, au maumivu ya ghafla, asipewe tembe akarudishwa nyumbani. Apigwe eksirei siku hiyo, na daktari aliyempasua apigiwe simu.

Tunaomba bajeti ya safari zote, si ya kwanza tu: nauli ya mtoto na mzazi, na mahali pa kulala. Boti ya Kizingitini, kisiwani Pate, hupita Mkanda, mlango mwembamba wa bahari kati ya Manda na bara, maji yakijaa. Mgonjwa wa huko hawezi kuambiwa awe Mokowe, gatini upande wa bara, alfajiri bila mtu kutazama bamvua na maji mafu.

La pili ni shuleni na madrasa. Wasichana wapimwe mgongo wakiwa na miaka 10 na tena 12, wavulana 13 au 14. Miguu peku, imebanana, magoti yamenyooka, viganja vimekutana, ainame mpaka mgongo ulale sawa; mpimaji akae nyuma atazame kama upande mmoja wa mbavu umeinuka. Ni dakika moja. Wasichana wapimwe na muuguzi mwanamke, chumbani, mgongo wazi, maana buibui huficha mpindo hata mama mzazi asiuone. Mpindo wa nyuzi 25 hadi 40 kwa anayekua bado huweza kuzuiwa kwa kizibao kigumu cha plastiki, kikivaliwa saa 18 kwa siku juu ya fulana ya pamba. Joto letu unalijua. Bila muuguzi wa kumfuatilia, kizibao hicho kitaishia uvunguni.

La tatu, eksirei ya mgongo mzima mtoto akiwa amesimama, ipigwe hapa hapa Amu, mjini Lamu. Akilazwa, mpindo huonekana mdogo kuliko ulivyo.

Wako,
Wauguzi na wahudumu wa tiba ya viungo, Lamu